Uso wa Digna katika Shaba

Mashua ilikuwa imeshafungua kamba na mji wa Antwerp ulikuwa ukirudi nyuma polepole. Mnara wa kanisa kuu ulionekana mzima, kisha nusu, kisha ukabaki kama kidole kinachomwonya mtu. Watu walikuwa wamejazana juu ya mizigo yao, wengine wakilia, wengine wakiimba zaburi kwa sauti ya chini ili askari wa Mhispania waliokuwa ukingoni wasisikie. Gillis Brakel hakulia wala hakuimba. Alikuwa amekalia pipa la samaki wa chumvi, na hapo hapakuwa na mtu wa kumwondoa.

"Baba mkwe, sogea basi, hata kidogo," Wouter alimwambia. "Unanuka kama soko."

"Acha ninuke. Askari akija na pua yake, aone mzee na samaki wake, ageuze njia."

"Na wakitia mkono?"

"Wewe ungetia?"

Wouter alitazama lile pipa, akageuza uso. Alikuwa mkwewe Gillis, muuza picha za kuchapwa, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Ila tangu mkewe afe, mwezi wa mwisho wa mji kuzingirwa, maneno yalikuwa yamempungua.

Ndani ya pipa, chini kabisa, mlikuwa na bamba moja la shaba. Shaba ilikuwa imepigwa marufuku kutoka mjini, maana aliyeuteka mji alijua kwamba ikiyeyushwa inakuwa mizinga, na watu wa kaskazini walikuwa bado wanapigana naye. Mabamba mengine yote ya dukani wakubwa wa mji wenyewe walikwishayachukua kutengenezea mizinga yao, ambayo haikusaidia kitu. Hili moja lilipona kwa sababu Gillis alilificha chini ya godoro la mgonjwa. Mgonjwa alikuwa Digna, bintiye, na sura iliyochongwa kwenye bamba ilikuwa yake huyo huyo Digna, siku ya harusi, amesimama na Wouter bega kwa bega, mikono imeshikana. Alilala juu ya sura yake mwenyewe mpaka akafa.

Karatasi zilizochapwa kutoka bamba lile walipewa wageni wa harusi, na wageni hao walikuwa wametawanyika, wengine chini ya ardhi. Zilizobaki dukani zilikwenda kufungia baruti. Kwa hiyo uso wa Digna ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, nao ni ndani ya pipa la samaki.

Gillis alijua chumvi inakula shaba. Mchonga shaba gani asiyejua? Alitafuta mafuta ya mnyama ya kulipaka bamba, lakini katika mji ule watu walikuwa wamekula hata mishumaa. Akapata donge dogo. Akaanza kupaka upande wa kushoto, alipokuwa Wouter, vizuri, kwa dole gumba, kila mstari; alipofika katikati, penye mikono iliyoshikana, donge likaisha. Upande wa Digna akaufunga kwa kitambaa kikavu. Alijiambia safari ni fupi.

Haikuwa fupi. Kwenye ngome za mtoni walizuiwa, wakapekuliwa, wakazuiwa tena. Upepo ukagoma. Zeeland walikaa bandarini huku mvua inawanyeshea, na Gillis juu ya pipa lake, kama kuku anayeatamia. Walipofika Haarlem, akalivunja pipa lile uani kwa watu waliompa hifadhi, akafungua kitambaa. Wouter alikuwa safi, kila unywele. Digna alikuwa kijani. Gillis alipomsugua kwa majivu, kijani kikatoka, chini yake kukawa na vishimo, vidogo vidogo, shavuni, kwenye paji, na mdomo ulikuwa umeliwa karibu wote. Majina yao yaliyokuwa chini ya picha yalikuwa yameyeyuka kama maandishi ya mchangani.

 Aliketi juu ya jiwe na bamba mapajani, mwenye nyumba akampelekea bia, ikabaki hapo hapo bila kuguswa.

*

Haarlem ulikuwa mji wa bia na vitambaa vya kitani, na wakimbizi kutoka kusini walimiminika humo kama maji ya bonde. Wouter, ambaye alijua kuuza, alipata kichumba cha duka, kisha mtambo mkuukuu wa kuchapia, na kabla mwaka haujageuka akapata mke. Jina lake Machtelt, mjane, mwenye kiwanda cha bia kando ya mto Spaarne. Mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita wapakuzi wa mapipa kutoka ng'ambo. Gillis hakushangaa. Mwanamume aliyekimbia vita hapendi kulala na baridi, na nyumba ya Machtelt ilikuwa na moto wa kutosha.

Mzee alipewa chumba cha juu chenye dirisha linaloangalia kaskazini, kwa sababu mwanga wa kaskazini hauhamihami. Akapanga vyombo vyake: mto wa ngozi uliojaa mchanga wa kuwekea bamba, kichuma cha kuchongea chenye mpini wa mviringo kama uyoga, kisu cha pembe tatu cha kukwangulia, chuma cha kulainishia, fuawe ndogo, nyundo. Alichonga picha za wachungaji na makapteni, Wouter akauza. Jioni alikula mkate mweusi na jibini mezani pao, akainua kikombe alipoombwa kuinua. Hakuwa na haki ya kufanya kazi kwa jina lake katika mji ule. Chama cha wachongaji kilikuwa hakijampokea, na umri wake haukuwa wa kungojewa. Alikuwa chini ya Wouter, na Wouter chini ya paa la Machtelt.

Siku moja wakati wa kula, Wouter alisogeza sahani yake.

"Baba mkwe. Lile bamba letu."

"Lipi?"

"Unalijua."

Gillis aliendelea kutafuna.

"Machtelt na mimi hatujatoa picha ya harusi," Wouter alisema. "Ndugu zake wanauliza. Wateja wanauliza. Upande wangu ni mzima, mikono ni mizima, kola ni nzima. Ni kichwa tu."

Kichwa tu. Katika kazi ile, kubadili kichwa lilikuwa jambo la kila siku. Mtawala akifa au akifukuzwa, unamkwangua uso, unachonga wa aliyeshika nafasi yake, mwili unabaki na deraya inabaki na farasi anabaki. Gillis mwenyewe aliwahi kuchekesha watu kilabuni kule Antwerp kwa kusema yuko farasi wake mmoja aliyebeba watawala wengi kuliko punda wa kinu, na hajawahi kulalamika. Digna alikuwa msichana wakati ule, alikuwa akimletea bia, na alicheka kuliko wote.

"Mimi nilimwambia anunue shaba mpya," Machtelt aliingilia. "Sitaki kuvalishwa kola ya mtu. Nina kola zangu, tena kubwa."

"Shaba mpya iko wapi, mke wangu? Iko midomoni mwa mizinga. Na hilo bamba limekaa bure."

"Halijakaa bure," Gillis alisema.

"Baba mkwe, chumvi imemla. Tukichapa anatoka na ndui uso mzima. Ndivyo unavyotaka watu wamwone?"

Hapo alimpata. Mzee alitazama mikono yake, dole gumba lile lililopaka mafuta upande mmoja.

"Lisilo budi hutendwa," alisema. "Nitafanya."

Ila hakusema atafanya nini.

*

Wouter aliondoka na mzigo wa picha kwenda kwenye gulio kubwa la Frankfurt. Nyuma yake, kila asubuhi baada ya kutazama chachu yake kiwandani, Machtelt alipanda ngazi huku akihema, akaketi dirishani, akanyoosha shingo. Gillis aliweka kioo kando ya meza na kumtazama humo.

"We mzee, mbona unanitazama kiooni na mimi niko hapa? Unaniogopa?"

"Shaba ni kaidi, mama. Ukiiambia kulia, karatasini inatoka kushoto. Lazima nikuone ulivyogeuka."

"Maisha yako yote unaona watu kinyume?"

"Yote."

"Ndiyo maana mkweo umemwona mtu mwema." Akacheka mpaka kiti kikalia. "Na kidevu, sikiliza. Usiniwekee cha pili. Kimoja kinanitosha kwa kupiga kelele."

"Mungu ndiye aliyekiweka."

"Mungu hachapi picha. Wewe ndiye unachapa."

Alimchora kwenye karatasi, kwa chaki nyekundu na nyeusi, na alimchora vizuri, kwa heshima, kidevu kimoja na nusu. Kisha alivuta bamba, akaliweka juu ya mto wa mchanga, akainama, na Machtelt akasikia kile kisauti chembamba cha chuma kinapasua shaba. Alidhani ni yeye anayechongwa.

Gillis alikuwa anamtengeneza Digna. Alichukua kishimo kimoja kimoja, akakilaza kwa chuma cha kulainishia mpaka shaba ikafunga, kisha akaurudisha mstari uliokuwa pale. Sehemu ya chini, palipokuwa na majina, aliisawazisha yote ikawa tupu kama sahani, kwani jina huchongwa mwisho, uso ukishakubaliwa. Paji alilimaliza. Shavu alilimaliza. Mikunjo ya kola ilikuwa kazi ya subira tu. Mdomo ndio uliomshinda. Aliukumbuka ukicheka, aliukumbuka ukiomba maji, na hii midomo miwili ilikuwa inagombana mkononi mwake.

"Huyo ninayechongwa naye," Machtelt aliuliza siku moja, "aliyekuwapo kabla yangu. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Kichuma kilisimama.

"Mcheshi," Gillis alisema. "Mvivu asubuhi. Akipika supu, chumvi yake hakuna mtu aliyeiweza."

"Uliona tabu kunikwangulia nafasi?"

"Geuza kichwa kidogo, mama. Dirishani."

Machtelt aligeuza. Nje watu walikuwa wanateremsha shayiri kutoka mashuani. "Sisi tulizingirwa kabla yenu," alisema. "Nyie watu wa kusini mnasema kana kwamba njaa mliivumbua ninyi. Hapa tulikula paka, tulikula ngozi za viatu, mimi nilichemsha mkanda wa marehemu mume wangu. Nilikuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa amejua kusema neno 'mkate' tu. Neno lenyewe baya kwa mwaka ule." Akafuta kioo cha dirisha kwa kiganja. "Kilio chake nakikumbuka. Pua yake siikumbuki, mzee. Najaribu kila siku. Imefutika."

Gillis aliinama zaidi juu ya shaba. Pale angeweza kumwambia.  Lakini mdomo wa Digna ulikuwa bado, na alihofu kwamba akisema, bamba litachukuliwa likiwa nusu.

Mtambo wa kuchapia ulikuwa chini, ukihitaji watu wawili, na ufunguo alikwenda nao Wouter. Hata hivyo angeweza kuvuta karatasi moja bila mtambo: ukipaka wino, ukalowesha karatasi, ukaisugua kwa mgongo wa kijiko, picha inatoka. Ndivyo wanavyofanya wachongaji maskini. Inatoka na mabakamabaka, lakini inatoka. Kila jioni Gillis alitazama kijiko, akasema kesho, mdomo ukikamilika, nitamtoa vizuri kwa mtambo, hakutoka na ndui ili atoke na mabaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Asubuhi aliyoinua kichuma chake kwa mara ya mwisho, akapuliza vumbi la shaba na kuona kwamba yule aliyekuwa anamtazama ni mwanawe, alisikia sauti ya Wouter mlangoni, akisalimia watu kwa kelele kama aliyerudi na bahati.

*

"Tuvute karatasi sasa hivi," Wouter alisema. Alikuwa bado ana matope ya safari. "Frankfurt wameniuliza picha za Haarlem, nikasema subirini mumwone mke wangu."

"Pumzika kwanza, mwanangu," Gillis alisema.

"Nitapumzika nikimwona. Machtelt! Njoo ujione!"

Machtelt alikuja na mikono imejaa unga, uso umemwiva kwa kuusugua haraka. Wouter mwenyewe alipaka wino, akaufuta kwa kiganja. Gillis alilaza karatasi. Angeweza kuliangusha bamba. Angeweza kusema linahitaji siku moja zaidi. Lakini alitamani kumwona. Hiyo ndiyo kweli: alitamani kumwona kuliko alivyoogopa. Wouter alivuta mikono ya mtambo, gurudumu likalia, blanketi likapita, likatoka upande wa pili. Gillis alishika karatasi kwa pembe zake akaibandua.

Digna alitoka mzima. Hapakuwa na doa. Alikuwa amesimama na mumewe, mkono mkononi, na mdomo wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri mwenzake amalize mzaha ili acheke.

 Wino ulinuka. Wouter alirudi nyuma hatua moja, akajigonga kwenye meza.

"Umenifanyia nini, baba mkwe?"

"Sikukufanyia wewe."

"Nimemzika! Unadhani ulimzika peke yako? Nani alimbeba? Wewe ulishindwa hata kusimama, nilimbeba mimi, alikuwa mwepesi kama kikapu. Kila nikifumba macho namwona. Nimehama nchi, nimehamia kitanda cha mwanamke mwingine, nisimwone, na wewe unamtoa hapa kama, kama..." Akashika makali ya mtambo.

Machtelt alikuwa amefuta mikono kwenye aproni. Aliichukua karatasi mkononi mwa Gillis, taratibu, kwa pembe, kama alivyomwona akiishika.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Mzuri." Akaitazama sana. "Mimi nimekaa pale dirishani shingo imekakamaa kama bata wa kuchinjwa, nakueleza habari za mwanangu, kumbe nilikuwa namshikia mtu kiti."

"Mama Machtelt..."

"Usiniite mama. Ungeniambia, mzee. Ningekuonea huruma. Mimi si jiwe." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na watu wa nyumba ile walijua ikishuka ndiyo mbaya. "Umenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu."

"Ichane," Wouter alisema.

"Nitawashia jiko," Machtelt alisema, akatoka nayo.

Gillis alisikia hatua zake mpaka jikoni. Akasikia mlango wa jiko la chuma ukifunguliwa na kufungwa. 

"Nipe karatasi moja," alimwambia mkwewe. "Moja tu. Nitaikunja niweke ndani ya shati, hakuna atakayeiona. Kisha nimkwangue, nimchonge huyu wako, mchoro wake ninao, ni mzuri. Wouter. Mwanangu."

Wouter alikuwa ameshachukua kitambaa na mafuta, anafuta wino uliobaki kwenye mistari. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyajali. "Wafu wana makaburi yao. Mkwangue. Sasa, na mimi nikiwa nimesimama hapa. Au utoke kwangu na ulale chini ya daraja."

*

Uso haufutwi kwa kupaka. Unaukwangua kwa kile kisu cha pembe tatu, shaba inatoka kwa nyuzi, mpaka umefika chini ya mstari ulioingia zaidi. Gillis alianza na nywele. Alifanya kazi yake kwa unadhifu, maana mkono wake haukujua kufanya vinginevyo. Mdomo aliuacha mwisho, halafu nao akauondoa. Nyuzi za shaba zilimwangukia mapajani, nyekundu, zinang'aa.

Uso ukikwanguliwa, mahali pale panabaki bonde, na bonde haliwezi kuchongwa wala kuchapwa. Lazima uligeuze bamba kifudifudi juu ya fuawe, utafute nyuma yake mahali penyewe, ugonge kwa nyundo ili shaba ipande juu, isawazike. Mwanafunzi hutafuta mahali hapo kwa bikari iliyopinda, mguu mmoja mbele ya bamba na mmoja nyuma yake. Gillis hakuwa ameshika bikari tangu ujana. Kugeuza vitu ndiyo ilikuwa akili yake. Kulia kwa kushoto alikuwa nako damuni.

Aligeuza bamba kama mtu anavyofungua ukurasa. Wouter alikuwa amesimama begani kwake, anapumua. Mzee alinyanyua nyundo akagonga, sawasawa, kwa mpigo wa fundi, akizungusha kutoka katikati kwenda nje. Akagonga mpaka mkono ukachoka, akapumzika, akagonga tena. Kisha akaligeuza.

Bonde lilikuwa pale pale lilipokuwa. Upande wa pili, palipokuwa na uso wa Wouter, shaba ilikuwa imeumuka kama mkate, na mistari yote, macho, pua, ndevu zilizochongwa unywele kwa unywele, ilikuwa imepondwa juu ya chuma cha fuawe mpaka ikalala. Bamba lilikuwa limeshageuka, na akili yake nayo ikageuka mara ya pili, akagonga nyuma ya Wouter badala ya nyuma ya Digna. Mbele yao walisimama watu wawili waliovaa vizuri, kola zimekaa, mikono imeshikana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso.

Wouter alipitisha kidole pale palipokuwa na uso wake.

"Umefanya makusudi," alisema.

 Gillis alitafuta jibu kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayepapasa mfuko akijua kulikuwa na ufunguo, na hakulipata.

"Sijui," alisema.

*

Gillis Brakel alitoka nyumba ile juma hilo hilo. Machtelt alimpa mkate na nusu gurudumu la jibini, akamwekea mlangoni bila kutoka nje. Alikwenda Leiden, akapata kazi kwa mtengeneza karata za kuchezea, akachonga wafalme na malkia ambao hawafanani na mtu yeyote. Hakuchonga tena sura ya mtu. Alikufa wakati wa barafu, akazikwa kwa gharama ya kanisa la wakimbizi, mahali pasipo na jiwe.

Wouter alichongewa picha na mchongaji mwingine wa Haarlem, kwa shaba mpya iliyopatikana baadaye, yeye na Machtelt, videvu viwili. Hakuipenda, wala hakuiuza. Duka lilimwendea vizuri. Alikufa kwa homa aliyoipata njiani akirudi kutoka gulioni.

Lile bamba lisilo na nyuso aliuziwa mfua shaba, akalikunja kuwa mfuniko wa sufuria ya kiwandani, michoro ikiwa ndani. Mvuke uliifuta.

Machtelt aliishi kuliko wote. Hakupata mtoto mwingine. Alipokufa, mabinti wa kaka yake walifungua kasha la vitambaa, na chini kabisa, kati ya shuka mbili za kitani ambazo hazijawahi kutandikwa, wakakuta karatasi moja iliyochapwa, safi, haijakunjwa. Ilikuwa na mwanamume na mwanamke vijana, wameshikana mikono. Chini yake palikuwa peupe, hapana jina. Mwanamume walimjua mara moja, ni Wouter. Mwanamke walibishana kidogo, kwa sababu ya kidevu. Kisha mkubwa wao alisema shangazi naye alikuwa kijana siku moja, akachukua wino, akaandika majina hapo penye nafasi: Wouter, na Machtelt mkewe.

Waliitundika kwenye ujia wa kwenda kiwandani, mahali penye unyevu.